Kabla ya Kulipia Uzamili wa Uhasibu

Msimu wa mahafali ukifika, mhitimu wa uhasibu huanza kupewa ushauri na kila mtu: mjomba, jirani, mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja. Wote wanasema aunganishe uzamili moja kwa moja. Hoja zao nazifahamu, na nyingi hazisimami.

Hoja ya kwanza: digrii moja siku hizi si kitu, kila mtu anayo. Kwamba wahitimu ni wengi, sibishi. Ila soma tangazo la serikali la nafasi ya Mhasibu Daraja la II. Kwa kawaida linataka shahada ya kwanza au stashahada ya juu ya uhasibu, pamoja na CPA (T). Uzamili hautajwi. Wengi wanaoenguliwa pale wanayo digrii. Wanachokosa ni hiyo CPA (T), cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ukiongeza digrii ya pili juu ya ile ya kwanza, pengo linabaki palepale.

Hoja ya pili ndiyo inayopotosha zaidi: eti uzamili ni sawa na CPA, tena una heshima kuipita. Heshima ya ukumbini siijadili. Kazini hivi ni vitu viwili tofauti. Uzamili unatolewa na chuo, na unaonyesha kwamba umesoma na kutafiti. CPA inatolewa na bodi yenye mamlaka ya kukusajili, na pia ya kukufutia usajili ukikiuka maadili. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni husainiwa na mhasibu aliyesajiliwa na kupewa idhini ya kutoa huduma hiyo kwa umma. Mwenye uzamili, hata uwe wa chuo gani, hawezi kuweka saini yake pale kwa nguvu ya uzamili peke yake. Digrii ya kwanza ya uhasibu inakusaidia kusamehewa masomo ya hatua za chini za mitihani ya bodi. Hatua ya mwisho, yenye taarifa za fedha, ukaguzi na kodi, utaifanyia mtihani kama wenzako, Mei au Novemba. Na ukifaulu, bado unatakiwa uwe na uzoefu wa kazi ndipo usajiliwe.

Kuna wanaosema Marekani huwi CPA bila uzamili. Si kweli, na haijawahi kuwa sheria ya jumla huko. Majimbo yalitaka yuniti 150 za masomo, wakati digrii ya kwanza huwa na 120 hivi. Wengi walijazia hizo 30 kwa kusoma uzamili, lakini kozi nyingine za chuo zilikubalika pia. Sasa hata sharti hilo linalegezwa: sheria ya jimbo la Ohio iliyosainiwa Januari 2025 inakubali, kuanzia 2026, digrii ya kwanza na miaka miwili ya uzoefu, pamoja na mtihani wenyewe. Hapo jirani, Kenya, mwenye alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kuanza mitihani ya CPA ya bodi ya KASNEB bila kukanyaga chuo kikuu.

Na hoja kwamba uzamili huleta mshahara mkubwa? Fikiria usaili wa kampuni ya kawaida ya Kariakoo. Unapewa taarifa ya benki na daftari la fedha, unaambiwa ueleze kwa nini salio halilingani. Unaulizwa PAYE inalipwa lini (tarehe 7 ya mwezi unaofuata) na ritani ya VAT inapelekwa lini (tarehe 20). Aliyekaa mwaka mmoja kwenye ofisi ya mkaguzi mdogo anajibu bila kuwaza. Aliyetoka darasani na digrii mbili huanza kutoa nadharia, na mwajiri anajiuliza amlipe kama bingwa au kama mwanagenzi.

Hoja ya mwisho: "Ukianza kazi hutarudi shule." Waulize wanaojaza madarasa ya jioni.

Mahali ambapo washauri hawa wako sahihi ni pawili. Anayetaka kufundisha chuo kikuu hafiki mbali bila uzamili, na GPA yake ya shahada ya kwanza itaangaliwa pia. Chini ya 3.8 mlango ni mwembamba. Pia yuko aliyesomea fani nyingine anayetaka kuhamia uhasibu. Huyo stashahada ya uzamili inaweza kumtosha, kwa muda na gharama ndogo zaidi.

Wengine wote, kumbukeni kwamba ukiajiriwa ukiwa na deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kulilipa. Kabla ya kuongeza ada ya uzamili juu yake, tafuta matangazo kumi ya kazi unayoitaka na uhesabu ni mangapi yanadai uzamili na ni mangapi yanadai CPA. Yakidai CPA, ada hiyo ipeleke NBAA, ujisajili kwa mtihani unaofuata.