Nduthi Kuukuu Haina Bosi

"Bado unaendesha hiyo?"

Hilo ndilo tusi la siku hizi kwenye steji. Analitoa kijana aliyekalia pikipiki mpya, nailoni ya kiti bado haijatolewa, akimrushia mzee aliyeegemea Honda ya zamani ambayo tanki lake limepakwa rangi mara tatu na kila rangi inachungulia chini ya nyingine. Wanalitoa pia, kwa adabu kidogo, watu wa matangazo wanaotuuzia "usafiri wa kesho". Wote wanachukulia kwamba jibu ni moja: jamaa hana pesa, ama ni mshamba, ama akili imezeeka.

Mimi namtetea huyo mzee. Na simtetei kwa ajili ya kumbukumbu tamu za zamani. Hayo tuwaachie wasee wa Jumapili, wale wanaonunua BMW iliyozaliwa kabla yao, wakaiosha kuliko wanavyoiendesha, kisha wakaenda nayo Naivasha kupiga picha. Hao hawana shida na mtu. Ninayemzungumzia ni yule anayekula kutoka kwa mashine yake: wa boda, wa kupeleka vifurushi, wa maziwa, fundi wa mabomba anayefunga spana zake kwenye keria. Huyo akikataa pikipiki mpya, jua amepiga hesabu. Na ukiikagua hesabu yake utaikuta safi kuliko ya watu wengi wenye digrii ya biashara.

Tuanze na deni, maana pikipiki mpya huanzia hapo.

Mtaani nduthi mpya mara nyingi hainunuliwi, inakopwa. Unatoa dipoziti, unapewa funguo, halafu kila siku M-Pesa inatoka. Chukua mfano huu, na kama namba zangu hazikupendezi weka zako: dipoziti ya shilingi 35,000, kisha shilingi 450 kila siku kwa miezi 18. Hiyo ni kama siku 540. Zidisha, unapata 243,000. Ongeza dipoziti, umefika 278,000. Sasa nenda duka lolote uulize bei ya pikipiki hiyohiyo kwa pesa taslimu, halafu urudi tuongee.

Lakini hata hiyo tofauti si ndiyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni siku ambayo hukufanya kazi. Mvua ya Aprili imenyesha tangu alfajiri. Mtoto ana homa. Kuna maandamano town na barabara zimefungwa. Deni halina habari na hayo yote, linahesabu tu. Mahali fulani ndani ya hiyo pikipiki kuna traka, na ukikosa siku kadhaa, jamaa wanakuja kuichukua ilipo, hata kama umeshalipa robo tatu. Mpaka umalize, logibuku si yako. Kwa hivyo kila asubuhi unaamka ukiwa nyuma, unadaiwa kabla hujapiga kiki.

Ndiyo maana unawaona wale vijana wakikata kona kama wamefukuzwa na nyuki, wakipanda njia ya waenda kwa miguu, wakipita taa nyekundu kama pambo la Krismasi. Tunawatukana. Sisemi deni ndilo mzizi wa kila ajali, kuna wengine ni ujinga wao tu. Nasema mtu ambaye shilingi 450 za kwanza za siku si zake haendeshi kama mtu mwenye siku yake. Mzee wa Honda alimaliza kulipa zamani, ama aliinunua mkono wa tatu kwa pesa za chama. Mvua ikinyesha anakaa kibandani na chai ya rangi. Hiyo chai haimo kwenye brosha yoyote, wala hakuna mtu wa mauzo atakayekutajia.

Haya, na mashine yenyewe?

Honda ya CG 125 haikutengenezwa hivyo kwa bahati. Kabla yake Honda walikuwa wakiuza katika nchi kama Pakistan pikipiki zenye kamshafti juu ya silinda. Zilikuwa nzuri sana, mradi uzitunze jinsi kitabu kinavyosema. Watu hawakuzitunza hivyo. Walizibebesha familia nzima na magunia juu, wakabadilisha oili wakikumbuka, na injini zikaanza kufa. Kampuni nyingine ingewalaumu wateja. Wahandisi wa Honda walienda kuona watu wanavyoendesha, wakarudi Japani wakaunda injini ambayo kwenye karatasi ilionekana kama kurudi nyuma: valvu zinasukumwa kwa vijiti kutoka chini, vitu vya kuharibika ni vichache, cheni imefunikwa isile vumbi na matope. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na imeendelea kutengenezwa Pakistan miongo mingi baadaye. Wachina nao wakaunakili muundo huo, na nakala zake ni miongoni mwa pikipiki za bei nafuu zilizomiminika Afrika nzima. Kijana anayemcheka mzee huenda amekalia mjukuu wa injini ileile, basi tu amevalishwa plastiki.

Nimesimulia hayo kwa sababu tunaambiwa kwamba kipya siku zote ni mbele na cha kale ni nyuma. Lakini pale uamuzi wa kurudi nyuma ulifanywa na wahandisi wenye kila kitu mezani, wakiwa wamemtazama kwanza mtu atakayepanda. Niambie ni nani aliyekaa steji ya Kayole wiki nzima kabla ya kuunda hizi tunazoletewa leo.

Nenda Kirinyaga Road, ambayo watu wa spea hawakubali kuiita vingine ila Grogan. Uliza ringi za CG, uliza kebo ya klachi, uliza kabureta zima. Utaletewa tatu: ile halisi, ile ya kunakiliwa, na ile iliyotolewa kwa marehemu. Kila moja na bei yake, na utabembeleza mpaka mkubaliane. Halafu panda mpaka Kariobangi Light Industries umpate fundi ambaye hajawahi kuingia darasa la umakanika, ila akisikiliza injini sekunde kumi anakwambia valvu imelegea. Huo ni mtandao mzima wa watu, vibanda, ujuzi wa mikono na madeni madogo ya "nitakulipa Ijumaa", na ulijengwa bila senti ya mwekezaji. Pikipiki ya zamani ni mwanachama wa huo mtandao. Ikifa saa tatu usiku Kangundo Road, unafungua kabureta kwa bisibisi, unapuliza jeti iliyozibwa na uchafu, unasafisha plagi kwa msasa, unapiga kiki. Nyingi kati ya hizi za zamani hazihitaji hata betri ili ziwake, moto unatoka kwenye magneto.

Sasa chukua ile mpya ya kisasa zaidi, yenye injekta. Sitaidharau. Inakula mafuta kidogo, inawaka vizuri asubuhi ya baridi ya Limuru, haikusumbui na choki. Siku ikigoma, hata hivyo, tatizo linaweza kuwa pampu, linaweza kuwa sensa, linaweza kuwa ile kompyuta ndogo yenyewe, na jibu liko ndani ya kifaa cha kupimia ambacho fundi wako hana. Unaipeleka kwa waliokuuzia. Wanakwambia wiki ijayo. Mtu wa mshahara akiambiwa wiki ijayo anapanda matatu. Wewe ukiambiwa wiki ijayo, nyumbani hakuna unga. Si ajabu kwamba Boxer, iliyotawala barabara zetu miaka hii yote, imeuzwa huku ikiwa na kabureta na kiki. Bajaj wanawajua wateja wao kuliko hao wa mabango.

Na msidhani hii ni shida ya maskini peke yao. Marekani, nchi yenye kila kitu, kuna wakulima wanaogombania kwenye minada matrekta yaliyotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu yale mapya yakigoma hawaruhusiwi kufungua programu zake, lazima wamngoje mtu wa kampuni na laptopu huku mahindi yanaharibika shambani. Mnamo Januari 2025 serikali yao iliishtaki John Deere kwa jambo hilohilo. Hakuna aliyewaita wale wakulima washamba. Ama pengine waliitwa, lakini wana mawakili.

Najua mtakakonivamia: umeme.

Sawa, twende huko. Pikipiki ya umeme ni tulivu, haitoi moshi, na kwa kilomita ni rahisi kuiendesha kuliko ya petroli. Tena Kenya ina haki ya kujigamba hapa kuliko nchi nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa sana ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Sina neno la kupinga hapo. Anayevuta moshi wa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni hawezi kupinga, na anayeuvuta mwingi kuliko wote ni mwendeshaji mwenyewe. Zile za kuchanganya oili na petroli, kama Yamaha AG100 waliyokuwa wakiendesha maafisa wa kilimo, zina moshi wa buluu ambao hata mimi siwezi kuutetea. Na breki, tuseme ukweli: breki za diski ni bora, na mtu anayebeba abiria kwa breki za zamani zilizoisha anacheza na roho ya mwenzake. Old skool si kibali cha kuua mtu.

Lakini angalia jinsi huo umeme unavyouzwa. Kampuni nyingi zinakuuzia pikipiki bila betri. Betri ni ya kampuni. Ikiisha unaenda kituo chao, unabadilishiwa, unalipa. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Fikiria ungenunua gari ambalo linakubali mafuta ya petroli stesheni moja tu, na stesheni hiyo iwe ndiyo inayopanga bei, na ikifunga biashara gari lako liwe chuma cha kuegemea. Ukitaka kwenda kuzika Siaya kwa hiyo nduthi, kwanza uliza kama vituo vyao vinafika huko. Halafu kampuni inayojua betri yako iko wapi na imebaki na chaji ngapi haihitaji kumtuma mtu wa kuichukua pikipiki ukichelewa kulipa. Inakunyima betri tu, basi.

Hiyo si mali. Ni kibarua kilichofichwa kama umiliki. Mzee wa Honda hana haja ya kusoma makala kujua tofauti, ameshafanya kazi kwa bosi, anajua inavyokaa.

Kwa hivyo wanaotaka zile kuukuu zitoke barabarani waache kutuhubiria na walete vitu vinavyojadilika. Betri iwe na umbo moja na kichwa kimoja cha waya kwa kampuni zote, na shirika letu la viwango lina kazi ya kufanya hapo. Mwendeshaji aweze kuchaji nyumbani Umoja kwa tokeni zake mwenyewe. Kifaa cha kupimia injekta kiuzwe kwa fundi yeyote wa Kariobangi, kwa bei ya fundi, pamoja na mchoro wa waya. Aliyelipa robo tatu ya mkopo asinyang'anywe pikipiki nzima kwa sababu ya siku tano za malaria. Auziwe kwa haki na arudishiwe kilicho chake. Na wabunge, ambao kila uchaguzi wanawakodisha watu wa boda kupiga honi mbele ya misafara yao, waandike hayo kwenye sheria badala ya kugawa viakisi mwanga vyenye sura zao.

Mkishafanya hivyo njooni steji, mtamkuta hapo kwa chai. Mwambieni bei ya ile mpya, mwonyesheni inafunguliwa kwa spana namba ngapi. Atauliza mambo mawili matatu kuhusu breki, kisha mtaanza kubishana mtampa ngapi kwa hii yake.