Nani Atamlipia Kijana wa Pemba Masomo ya Anga?

Ukimwambia mzazi wa Wete kwamba mwanawe aweza kupata riziki katika uchumi wa anga za juu, aghalabu atacheka. Riziki ya Pemba, atakujibu, imo katika karafuu na bahari. Lakini joto la maji linaloozesha mwani wa akina mama wa Micheweni hupimwa kwa setilaiti, na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa kutoka huko huko juu.

Wala jambo hili si geni Visiwani. Oktoba 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza kwa redio na kituo hicho. Wananchi wengi walidhani pale pametegwa makombora. Na nani wa kuwalaumu, ilhali makubaliano yalifungwa na wageni wawili? Aprili 1964, baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitaka kituo kiondolewe. Mitambo ikaenda zake, na ujuzi ukaenda nayo.

Hivi leo Tunguu pana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kuanzia 2016 wanafunzi wake walishiriki kurusha ndege zisizo na rubani kuipiga picha ardhi ya Unguja na Pemba. Kwa maoni yangu, fedha zilizowafunza vijana wale zimetufaa kuliko mitambo yote ya Mercury.

Watazame jirani zetu. Uganda iliwapeleka wahandisi watatu katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, na setilaiti waliyoiunda, PearlAfricaSat-1, ikarushwa Novemba 2022. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikwisha kutangulia Mei 2018, kwa nafasi iliyotolewa bure na Umoja wa Mataifa pamoja na Japani.

Taasisi hiyo ya Kyushu imewapokea pia vijana wa nchi zinazoendelea kwa shahada za juu, wakifadhiliwa. Ufaransa nako, karibu na Strasbourg, kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Anga, kilichoasisiwa 1987. Hicho hakifunzi wahandisi peke yao, bali wanasheria na wachumi pia, yaani wale watakaoketi mezani mikataba ikifungwa. Ada yake ni nzito, na wengi hutegemea wafadhili.

Mkwamo uko wapi, basi? Milango hiyo hufunguliwa kwa mwenye shahada ya kwanza. Mfadhili aliye Japani hamwoni msichana wa Vitongoji aliyefaulu fizikia, kisha akakosa nauli ya boti na fedha za kujikimu chuoni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar hubeba sehemu ya mzigo. Iliyobaki ni ya nyumbani, na karafuu zisipozaa, masomo ndiyo hukatwa mwanzo. (Gharama za arusi sijaziona zikikatwa.)

Wewe uliye kazini Dar es Salaam au Mjini Unguja, nawe una mpwa Pemba aliye kidato cha sita, mpelekee salamu juma hili. Muulize hesabu na fizikia anaziendeleaje, Kiingereza chake cha kuandikia barua ya maombi kikoje, na boti ya kumpeleka chuoni italipiwa na nani.