Bunia: Kompyuta mpya inakataa imprimanti ya zamani, sababu ni nini?

Mjini Bunia, sekretaria na ofisi nyingi zinafanya kazi na mashine za okazioni. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na wenye mashine wanasukumwa kuhamia Windows 11. Lakini ukisha kubadilisha, imprimanti iliyotoa karatasi jana inaweza kunyamaza kabisa. Mwenyewe anasema imekufa. Mara nyingi iko mzima: ni mlango tu umefungwa.

Mlango gani? Kila chombo kinachofungwa kwa kompyuta, sawa imprimanti, skana ao kadi ya sauti, kiko na anwani zake, na vingine viko na memori yao. Wakati wa DOS, programu yoyote iliweza kwenda kwa anwani hizo bila kuomba ruhusa. Iliandika herufi moja kwa moja ndani ya memori ya skrini, ao ikatuma kazi kwa imprimanti kupitia ile fishi pana ya pini 25. Ilikuwa mwepesi, lakini nyumba haikuwa na mulinzi.

Matokeo yalionekana tarehe 26 Aprili 1999. Virusi ya CIH ilifuta diski za kompyuta za Windows 95 na 98, na kwa zingine ikaharibu BIOS, ni kusema programu inayoamsha mashine. Windows NT haikupatwa, maana yenyewe hairuhusu programu ya kawaida kugusa vyombo.

Windows 2000 na XP zilifuata njia ya NT, lakini ziliacha dirisha moja: programu yenye mamlaka ya msimamizi iliweza kufungua memori ya mashine. Mwaka 2005, Microsoft ilianza kuziba dirisha hilo, kwanza kwa Windows Server 2003.

Leo anayepita ni piloti peke yake, ile wengine wanaita draiva. Windows 11 iko ya biti 64 tu. Piloti ya biti 32 haiingii, na programu za DOS hazifunguki. Kama kiwanda hakikutoa piloti mpya, chombo kizima kinakuwa chuma tu.

Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni pesa: mutu anatupa imprimanti nzuri na kununua ingine bure. Ya pili ni kubwa zaidi: fundi anatafuta piloti popote kwenye intaneti. Piloti inafika mpaka ndani ya memori yote, kwa hiyo piloti ya wezi inasoma kila kitu: hesabu, siri za wateja, hata hati za mashamba.

Basi, mbele ya kubadilisha, uliza kama chombo chako kiko na piloti ya biti 64 iliyotolewa na kiwanda chenyewe. Kama hakuna, acha mashine ya zamani ihudumie chombo hicho tu: bila intaneti, na flashi isiingie ovyo. Nakala ya kazi muhimu iwekwe pahali pengine, maana mashine hiyo itachoka siku moja. Mlango uliofungwa unasumbua, lakini ule wa zamani uliwaachia wezi nafasi pia.