Kilichounguza Kitafutwe Kwanza

Kijana wetu wa bodaboda aliipamba pikipiki yake kwa taa na redio. CDI, kifaa kinachoamrisha cheche ya plagi, ikaungua. Akatoa karo ya bintiye akanunua mpya. Siku ya pili ikaungua nayo. Fundi mwaminifu akapima betri injini ikinguruma: chaji ilipita volti 15. Rektifaya ndiyo iliyokuwa mbovu.

Basi tuwausie vijana: kilichounguza kitafutwe kwanza, waya hasi wa betri ufunguliwe, ndipo kifungwe kifaa cha aina ile ile, kwani viwili huweza kufanana umbo visifanane kazi. Nasi tujihesabu: toba isiyoondoa sababu ya dhambi ni CDI mpya kwenye rektifaya mbovu.

Wabillahi tawfiq.