AKIBA ULIYOWEKA SI FAIDA

Ndugu wafanyakazi wa reli, tumedanganywa vya kutosha! Wakala mmoja wa akiba alijisifu kwetu hapa Emali: Januari nilikuwa na shilingi 20,000, Desemba 31,250, eti faida asilimia 56! Uongo. Shilingi 10,000 niliziweka mwenyewe tarehe 1 Julai, kwa jasho langu. Mbuzi aliyenunuliwa sokoni hakuzaliwa zizini.

Hesabu ya haki ni hii: hizo 10,000 zilifanya kazi nusu mwaka, basi zihesabiwe 5,000. Mtaji ni 25,000, faida 1,250: asilimia 5 tu. Naye aliyetoa karo ya mtoto asiambiwe amepata hasara. Alichotoa kirudishwe katika hesabu.

Ndugu, daini tarehe ya kila shilingi iliyoingia na iliyotoka!