KISANDUKU CHA KUIDANGANYA INJINI: TWAENDA WAPI, VIJANA?

Mpenzi msomaji, keti kitako, maana leo nina jambo ambalo limenikaa kooni kwa mwaka mzima na nisipolisema litanipalia.

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimekuja kujua kwamba hata njia ya lami yaweza kuwa fupi, ikiwa gari lililo juu yake linaendeshwa kwa uongo. Nazungumzia visanduku vidogo ambavyo vijana wetu wanavitia katika magari yao ili yakimbie kuliko yalivyoumbwa.

Nani asiyeyajua magari yenyewe? Hapa kwetu ukisikia mngurumo kama wa radi ya alasiri, huna haja ya kugeuka kutazama. Ni Subaru Impreza, tena ile yenye tabo. Imeshushwa chini, ekzosi imepanuliwa, na dereva ni kijana ambaye kofia yake imeangalia nyuma. Zamani mambo yaliishia kwenye ekzosi na rangi. Siku hizi, gari halihesabiwi kuwa gari mpaka "lityuniwe".

Kutyuni ni nini hasa? Nitaeleza nilivyoelezwa na fundi mmoja, halafu nikamuuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye akakubali. Gari la kisasa lina kompyuta yake. Kompyuta hiyo haina macho wala masikio, bali ina vipimo vilivyotawanywa kwenye injini. Kimoja huiambia joto ni kiasi gani, kingine huiambia tabo inasukuma hewa kwa presha gani, kingine husikiliza kama injini inagonga. Kompyuta ikipata habari hizo, ndipo huamua petroli imwagwe kiasi gani na cheche ipigwe saa ngapi. Sasa basi, kisanduku hiki hufungwa katikati, kwenye waya unaotoka kwa kipimo cha presha kwenda kwa kompyuta. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kusema uongo. Presha ikipanda, chenyewe huripoti kwamba bado iko chini. Kompyuta, maskini, huamini na kuongeza. Gari nalo huruka kama swala aliyeona chui.

Wako mafundi wengine ambao hawatumii kisanduku. Hao huunganisha kompyuta yao ya mkononi na ile ya gari na kuiandikia amri mpya. Hiyo ni kazi ya ustadi zaidi, na akiifanya mtu aliyesoma na mwenye vyombo vya kupimia, si jambo la kubezwa. Lakini kisanduku ni cha bei nafuu, hufungwa kwa nusu saa, na ndicho kilichoenea. Ndicho kilichoingia nyumbani kwetu.

Naam, nyumbani kwetu. Shangazi yangu ana shamba la chai la ekari mbili hivi. Amka yake ni saa kumi na moja, na mvua ya Kericho unaijua, haina likizo. Mwezi wa Oktoba 2024 bonasi ilipoingia, alimpa binamu yangu sehemu ya hizo pesa alipie ada ya chuo na abadilishe magurudumu ya gari, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha. Binamu alikubali, "Ndiyo, mama." Akaenda. Aliporudi magurudumu yalikuwa yaleyale, vipara vitupu, lakini chini ya boneti kulikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Shangazi hakujua. Mimi nilijua, na nikanyamaza kwa sababu niliona fahari.

Wiki hiyohiyo tukafunga shule. Wasomaji ambao walikuwa langoni siku hiyo wanakumbuka. Binamu alikuja kunichukua, akakanyaga mafuta mara mbili, na wanafunzi mkapiga mayowe ya shangwe. Nilijiona mwana wa waziri. Tuliingia watu wanne, tukashika barabara ya kwenda Litein na Kapkatet. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lami iling'aa kama kioo. Na ni mimi, msomaji, si mwingine, niliyesema, "Kaka, ongeza kidogo tuone!"

Akaongeza. Sindano ilipita mia moja, ikapita mia na ishirini. Chai ikawa ukuta wa kijani pande zote mbili. Tulipotokea kwenye kona tukakuta mzee mmoja akivuka na baiskeli, mitungi miwili ya maziwa imefungwa nyuma. Binamu alikanyaga breki. Gari halikusimama, liliteleza tu, likageuka ubavu. Mzee alijirusha kwenye chai, baiskeli ikachukuliwa. Gari likasimama mtaroni.

Mungu ni mkubwa, mzee hakufa. Alivunjika mguu. Maziwa yalikuwa yanatiririka kwenye lami yakichanganyika na maji ya mvua. Binamu alikimbia akitetemeka, akipiga magoti: "Mzee, pole. Pole sana, mzee." Yule mzee alimtazama kwa muda. Hakumtukana. Alimwuliza neno moja tu: "Kijana, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Hakuna aliyejibu kati yetu wanne. Kweli, tulikuwa tunakimbilia wapi? Nyumbani kulikuwa na ugali na mursik, na havingetukimbia.

Tangu siku hiyo nimeyafikiria mambo haya, na naomba niyaseme moja baada ya jingine.

Kwanza, kisanduku huongeza nguvu peke yake. Breki hubaki zilezile, magurudumu yaleyale, kona za barabara zilezile. Wale tuliosoma fizikia ya Kidato cha Tatu tunajua kwamba nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa halina nishati mara moja na nusu ya lile linalokwenda 80. Lina mara mbili na robo. Nishati hiyo yote lazima breki ziimalize, na zikishindwa, itamalizwa na mti, au na mzee mwenye baiskeli. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kwa sekunde moja. Ukipiga chafya tu, umeshapita urefu wa madarasa matatu bila kuona.

Pili, injini yenyewe huumia. Mtengenezaji aliiwekea mipaka kwa sababu anajua vyuma vyake. Presha ikizidi, joto huzidi. Joto likizidi, petroli huwaka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga. Kompyuta ingeweza kujiokoa kama ingeambiwa ukweli kuhusu presha, lakini imedanganywa. Gari la binamu lilitengenezwa baada ya ajali, kisanduku kikabaki ndani, na Januari pistoni ikapasuka. Fundi aliyekifunga akasema yeye hahusiki. Leo gari limekaa nyuma ya jikoni ya shangazi na kuku hutagia humo. Bonasi ya mwaka mzima imekuwa kiota!

Tatu, pesa hizo si zake. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Sisi watoto wa chai tunajua bonasi hutoka wapi. Hutoka kwenye vidole vyeusi vya mama zetu, majani mawili na chipukizi, kikapu baada ya kikapu, na foleni kwenye kituo cha kupimia. Tena bonasi si ahadi ya kila mwaka. Oktoba 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika kwamba malipo yamekuwa duni yakilinganishwa na ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Shangazi alipopata zake mwaka huo, alizihesabu mara moja tu, akakaa kimya. Sehemu yake ilikwenda kulipa deni la hospitali la yule mzee. Mchuma janga hula na wa kwao.

Najua watakaonipinga. Rafiki yangu wa bweni, ambaye anayajua magari kuliko anavyojua Biblia, aliniambia: "Wewe hujui. Kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, gari linakosa pumzi. Ukitaka kulipita lori la chai kwenye mlima unahitaji nguvu." Hoja hii ina ukweli ndani yake, na sitaki kuipuuza. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya tano. Gari lisilo na tabo hulihisi hilo. Lakini tabo iliwekwa kwa ajili ya nini? Ni pampu ya kuikusanya hewa na kuishindilia ndani ya injini. Gari lake halikosi pumzi. Tena katika nchi ya juu tabo huzunguka kwa nguvu zaidi ili ifikie presha ileile ya Mombasa. Ukiidanganya izidishe, unampandisha mlima mtu ambaye tayari anahema. Kuhusu lori la chai, dawa yake ni subira. Lori hilo huishia kiwandani, haliendi Cairo.

Wengine watasema vijana wana kipawa, wasikatishwe tamaa. Nakubaliana nao kabisa. Historia ya nchi hii imejaa magari ya mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Joginder Singh aliishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mwaka 1994 Ian Duncan aliibuka mshindi na Patrick Njiru akamaliza wa nne, tena ndani ya Subaru Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Impreza vilevile. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Wakenya walijaa vumbi na furaha. Nani hakufurahi? Lakini tazama tofauti. Dereva wa mbio ana kofia ngumu, ana mikanda, gari lake lina vyuma vya kulinda kichwa, na barabara imefungwa. Hakuna mzee wa maziwa anayevuka. Breki zake zimebadilishwa pamoja na injini yake. Vijana wetu wamechukua mngurumo wa Njiru wakaacha nidhamu yake.

Tena sisi wa eneo hili tuna sababu zaidi ya kuogopa. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilianguka karibu na Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia watu kwenye kituo cha Londiani Junction, wachuuzi na abiria, na hapo pia zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Hayo hayakuwa magari ya kutyuniwa. Lakini yalitufundisha uzito ni nini na kasi ni nini. Tangu Februari 2004, kwa sheria za marehemu waziri John Michuki, matatu zililazimishwa kufunga kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80. Angalia kichekesho chetu: kwa upande mmoja nchi inafunga kisanduku cha kupunguza mwendo, kwa upande mwingine sisi tunanunua kisanduku cha kuuongeza, na baadhi ya madereva wa matatu wanamlipa fundi kuuchezea ule wa kwanza. Sote tunadanganya mashine, halafu tunashangaa mazishi yanapokuwa mengi.

Nashauri nini basi? Wakaguzi wa magari wasiangalie taa na kioo tu, wafungue boneti. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kompyuta za magari kwa njia halali, kwa kuwa fundi awezaye kuisoma injini iliyo mgonjwa atakula jasho lake maisha yake yote. Na mwenye hamu ya kasi atafute klabu za mbio na viwanja vyake, aache barabara ya Kaplong kwa wenye safari.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni kwetu sisi wanafunzi, na hauhitaji bunge. Siku ya kufunga shule, gari likija langoni likinguruma, tusipige mayowe. Tunyamaze. Kijana hunguruma kwa sababu kuna wanaomsikiliza. Na ukiwa ndani ya gari, usiseme nilivyosema mimi. Sema, "Kaka, punguza." Atakuita mwoga. Mwoga huenda kwake salama, walisema wakubwa.

Yule mzee sasa anatembea kwa mkongojo. Humwona Jumapili, akipita kanisani kwa mwendo wake wa pole. Kila akinisalimu hunijia swali lake, na mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Kiswahili