Saruji Haiponyi Kila Ufa

Kuna makala inayowashauri wenye nyumba za tofali bichi Kibondo na Kasulu wazibe kila ufa kwa saruji, wasawazishe, kisha rangi ifiche kiraka. Ushauri mwepesi, na ni kweli saruji haimomonyoki kwa mvua. Ukweli wake unaishia hapo. Saruji ikikauka haipindi, wakati tofali bichi huvimba kwa mvua za Novemba hadi Aprili na kusinyaa kiangazi. Matokeo yake kiraka hubanduka kizima, kimeng'oa na udongo uliokishika, na shimo linazidi lile la mwanzo. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi nao hukosa pa kutokea, ukabaki ukilainisha tofali nyuma ya uso mkavu. Fundi keshalipwa, keshaondoka.

Dai la rangi ndilo dhaifu kuliko yote. Rangi huficha doa, haifichi umbile. Jua la asubuhi likipiga ukuta kwa ubavu, kiraka kilicholainishwa kwa mwiko wa chuma hung'aa katikati ya lipu yenye chembe za mchanga, hata ukipaka mikono mitatu. Watetezi wa saruji watasema udongo hudai kurudiwa mara kwa mara. Hudai, lakini haununuliwi dukani. Chota udongo uleule uliofyatulia tofali, changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, lowesha kingo za ufa, kandika, kisha sugua kwa kibao cha mbao kabla haujakauka. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa saruji, uzibe kwa saruji. Wa udongo, uzibe kwa udongo.